Matanga ya Anayesoma

Kazi yangu ilikuwa kupima ushiriki. Ukiniuliza ushiriki ni mdudu gani, nitakujibu kama nilivyojibiwa mimi siku naajiriwa: ni kiasi ambacho mwanafunzi yupo ndani ya somo lake, si kwa mwili tu, bali kwa akili na moyo. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya hapo, na jambo hilohilo nilikuwa nalipima kwa kumtazama mtoto usoni. Nikaambiwa huo haukuwa upimaji. Upimaji ni takwimu.

Basi tukapima. Mradi ulitoka kwa wafadhili wa nje kupitia kampuni moja ya Dar es Salaam, maana siku hizi kila kitu kina kampuni yake. Pamba ambayo baba zetu waliipeleka ghala la ushirika inagombewa na wanunuzi wenye mizani zao kando ya barabara, na kilimani nyuma ya mji minara ya simu imesimama inatazamana kama wake wenza. Simiyu ilikuwa imefanywa mkoa juzijuzi, Bariadi ikawa makao makuu, kodi za vyumba zikapanda, na sisi tukapata chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Kilinuka dawa ya pamba kutwa nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi, na mimi, Mwalimu Monika, ndiye niliyekuwa mratibu, mhudumu na mfagiaji.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Kwetu mvulana akifika kidato cha pili katika sekondari ya kata, ukame ukibana, baba anamtoa shule waende na ng'ombe. Wanatafuta malisho wilaya jirani, halafu mkoa jirani, mwisho wanajikuta kusini kabisa kwenye mabonde ya mito mikubwa, na mtoto anarudi mwaka unaofuata, au harudi. Mradi ukasema, kama mtoto anafuata ng'ombe, basi shule imfuate mtoto. Kila mwanafunzi mchungaji akapewa simu ya tachi yenye masomo ndani, pamoja na kipande cha sola cha kuichajia. Vifungu vya ufahamu nilitunga mimi. Mwanafunzi anafungua kifungu, anakisoma kwa sauti, simu inamrekodi, halafu anajibu maswali. Akipita penye mtandao, simu inatuma kila kitu kwetu. Kompyuta inaangalia amesoma kwa muda gani, amesitasita wapi, amekigusa kioo vipi, kisha inampa rangi. Kijani anashiriki, njano analegalega, nyekundu ametupotea.

Ngassa wa kijiji cha Lingeka alikuwa kijani tangu alipokabidhiwa simu. Mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi, lakini huyo alikuwa kipenzi changu na sijali nani anajua. Alikuwa na tabia moja ambayo programu haikumwomba: akimaliza kusoma hakuzima. Alibaki anaongea na mimi. "Mwalimu, hii habari ya fisi umedanganywa. Fisi hapiti mbele ya zizi, anazunguka nyuma." Au: "Mwalimu, huyu mfanyabiashara mwaminifu umemtoa wapi? Huku kwetu hayupo." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kengele za ng'ombe, upepo, na mara nyingine alikatiza sentensi katikati akapiga mluzi mkali wa kumrudisha ndama, kisha akaendelea kusoma pale alipoachia. Kompyuta ilihesabu ule mluzi kuwa ni kusitasita. Nilikuwa nacheka peke yangu mle ofisini mpaka mwenye duka anagonga ukuta.

Mvua za masika zilipokuwa zimekolea kusini, baba yake, Masunga, alipiga simu nyumbani. Alisema maneno machache. Ngassa kachukuliwa na maji. Walikuwa wanavusha ng'ombe mtoni, kijana akarudi kuchukua ndama waliobaki, na maji ya mlimani yakaja kwa ghafla. Masunga alimwona akiingia, hakumwona akitoka. Walimtafuta kwenye kingo mpaka malisho yakaisha ikabidi wasogee. Simu ya mradi alikuwa nayo mwilini, ameifunga kwa nailoni kifuani kama alivyozoea kila wanapovuka.

Mkuu wa shule aliponiarifu nililia kwanza, kisha nikafungua kompyuta ili nimtoe kwenye orodha. Huo ndio utaratibu. Mwanafunzi akifariki anatolewa mapema asije akashusha wastani. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nafanya kazi upesi. Nikatafuta jina lake kwenye nyekundu, kwa sababu marehemu hashiriki. Halikuwepo. Nikaangalia kwenye njano, halikuwepo. Ngassa alikuwa kijani. Kwa mujibu wa kompyuta alikuwa amesoma jana yake jioni, na maji yalikuwa yameshamchukua juma zima.

Nikavaa hedifoni. Ilikuwa sauti yake, kavu kidogo, ya mvulana anayeanza kubalehe. Kengele zilikuwepo, na mluzi ulikuwepo. Alisoma kifungu cha soko la mnada mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, swali la nne lina majibu mawili." Nikaangalia swali la nne, na kweli lilikuwa na majibu mawili. Nikatoka nje nikasimama juani hadi joto lilipoanza kunichoma utosini.

Nilipiga ile namba, haikuita. Nikamjulisha mkuu wa shule, naye kwa kiherehere chake akapeleka habari mpaka kwa mama mtu kabla sijajua la kufanya.

Milembe, mama yake Ngassa, alifika ofisini kwangu akiwa na vumbi la njia nzima ya kutoka Lingeka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kitenge kilichopauka, na alikuwa amebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia, nikimwita mama. "Pole sana kwa yaliyokupata."

"Usinipe pole. Nimeambiwa mtoto wangu anasoma. Naomba nimsikie."

Nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza amefumba macho, mikono ameiweka mapajani. Ngassa alipofika kwenye lile neno lake kuhusu swali la nne, mama yake alitabasamu. Alipovua, alizungumza kama mtu anayemaliza mabishano.

"Shemeji zangu wanataka kukaa matanga. Mimi nimekataa. Mto una pande mbili, mwalimu, na baba yake kamtafuta upande mmoja."

Nilitaka awe sahihi, nilitaka sana. Nikamwambia kila kikija kipya nitamwita. Hakungoja kuitwa. Akawa anakuja kila wiki na basi la asubuhi, anauza kuku mmoja wa nauli, analala kwa dada yake mtaa wa pili, anarudi. Na kila wiki kulikuwa na kitu kipya. Ngassa alisoma habari ya kipindupindu. Alisoma habari ya treni, akasema treni hajawahi kuiona na kwa hiyo hawezi kunipinga. Mimi nilikaa pembeni nikijifanya nina kazi nyingine.

Baada ya muda Milembe akaanza kumjibu. Aliinama karibu na kompyuta, akazungumza Kisukuma polepole, kama anaongea na mtu aliye upande wa pili wa ukuta wa miti. Alimwambia ng'ombe mweusi amezaa. Alimwambia mdogo wake amepona jicho. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Ng'wana wane, mwanangu, uvae sweta, huko ulipo hakuna jua." Nikamcheka kidogo, kwa upole, nikamweleza kwamba kile kidude hakipeleki maneno, kinaleta tu. Akasema anajua.

Wiki iliyofuata Ngassa alisoma kifungu cha wavuvi, akamaliza. "Mwalimu," akasema, "sweta ninalo, ila baridi ya huku haisikii sweta."

Milembe aliniangalia. Mimi nikatazama dirishani. Nilijiambia kwamba kila mchungaji anayelala porini analalamika baridi, na kila mchungaji wa kidato cha pili ana sweta la shule. Mpaka leo naweza kukuambia hivyohivyo, na ni kweli. Lakini jioni ile nilifunga ofisi mapema kuliko kawaida.

Shemeji yake Milembe, Maganga, kaka mkubwa wa Masunga na msemaji wa ukoo, alimfuata mara moja mpaka Bariadi. Alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya pama, mpole kwa maneno, na hilo ndilo lililoniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisikiliza hedifoni kwa sikio moja, akairudisha mezani kwa kutumia ncha za vidole.

"Ni yeye," akasema. "Sikatai."

"Basi tufurahi, baba," nikamwambia.

"Tufurahie nini? Mwalimu, mtu akifa halafu asililiwe, hajui kama amekufa. Anaendelea na kazi aliyokuwa anaifanya. Kama alikuwa analima, utasikia jembe. Huyu mlimpa kusoma." Akavaa kofia yake. "Mkiendelea kumsikiliza hatapumzika. Na boma halitatulia. Tangu masika ndama wanazaliwa wamekufa. Hatuozi mabinti, hatupandi, tumesimama tu kama watu wanaosubiri gari."

Milembe alisema, "Nikimlilia nimemuua mimi."

"Akiwa hai atarudi atukute tumenyoa vichwa kwa msiba wake, atucheke," Maganga akamjibu. "Akiwa amekufa, unamtesa."

Waliondoka pamoja wakiwa hawasemezani. Nilibaki na maneno ya yule mzee kichwani na sikuyapenda. Mimi ni Mkatoliki wa ubatizo wa utotoni, nimesoma chuo cha ualimu, masamva, mizimu ya ukoo, nayaheshimu kwa mbali kama ninavyomheshimu mbwa wa jirani. Kuambiwa kwamba ninamsahihishia marehemu ufahamu, hilo lilinishinda.

Kisha kikaja kifungu cha daraja. Milembe alikuwa hajafika wiki ile, nikakisikiliza peke yangu mchana, mwenye duka akibishana na mteja upande wa pili. Ngassa alisoma haraka, mbio mbio, si kawaida yake. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wengi, na palikuwa na mngurumo ambao sikuutambua mara moja. Alipomaliza akasema, "Mwalimu, leo siongei sana. Baba ananiita tufunge mizigo. Kesho tunavuka."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Mngurumo ule ulikuwa mto.

Nikampigia Marcelo, fundi wa mitambo wa kampuni, kijana wa Dar ambaye kila siku alikuwa ananisumbua nimtoe marehemu kwenye takwimu. Nikamuuliza ile tarehe inayoonekana pembeni ya kila rekodi ni tarehe ya nini.

"Ya kupokelewa, dada Monika," akasema. "Si ya kusomwa. Porini simu inatunza, halafu ikipata mtandao inaachia kimoja kimoja, hasa kama mtandao wenyewe ni wa kubahatisha. Inaweza kuchukua miezi."

"Kwa hiyo haya yote aliyasoma kabla."

"Kabla ya nini?"

"Na simu anayo nani?"

"Aliyeiokota. Si umesema ilifungwa nailoni? Mtu kaiokota ukingoni, anazunguka nayo anatafuta mteja. Pole, dada."

Nilikaa nimeshika tama. Kila kitu kilikaa mahali pake, hata sweta. Tulichokuwa tunakipima muda wote ule hakikuwa Ngassa. Ilikuwa ni simu inamwaga kilichobaki ndani yake, na sasa kilikuwa kimeisha, kwa sababu baada ya kuvuka hapakuwa na kingine. Niliumia, lakini pia, nisikufiche, nilipata nafuu. Dunia ilikuwa imerudi kuwa ile ninayoifahamu.

Milembe alipokuja nilimkalisha, nikamweleza. Nilitumia Kisukuma ili pasiwe na neno la kukimbilia. Nilimwambia ni kama barua zilizochelewa njiani, mwandishi alizituma zamani. Nikamwekea ile rekodi ya mwisho ausikie mto. Aliusikia. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika, mayu."

"Kama wewe una hakika, basi," akasema, akainuka, akanitolea michembe aliyokuja nayo akaiweka mezani. Ningemwambia hivyohivyo tena, kwa yale niliyoyajua siku ile. Mama hawezi kuachwa akiuza kuku mpaka waishe kwa ajili ya sauti.

Nilikwenda kwenye matanga. Walichimba kaburi dogo kando ya boma, wakazika shati lake la shule, kwa kuwa wazee walisema lazima udongo upokee kitu. Masunga alirudi kutoka kusini akiwa amekonda. Siku ya mwisho wafiwa walinyolewa. Milembe alikaa kwenye mkeka wembe ukipita, na kichwa chake kilipobaki kitupu alionekana mdogo, karibu msichana. Kisha Maganga alisimama katikati ya uwanja akatangaza, kwa sauti ileile ya upole, kwamba kazi imekwisha. Ngassa ameliliwa, amepewa njia. Kuanzia siku hiyo, yeyote atakayesikia sauti inayofanana na yake, shambani au kisimani au popote, asiitikie. "Mtu aliyeliliwa akiita, haitikiwi. Ukimwitikia umemvuta nyuma, na njia haioni tena, wala kwenda wala kurudi." Watu waliitika kwa pamoja. Nami niliitika, kwa adabu ya ugeni.

Masunga akarudi kusini kwenye ng'ombe. Marcelo akamwondoa Ngassa kwenye hesabu za wastani, akaacha namba yake wazi kwa sababu ya uvivu tu, kazi ya kuzifunga hufanyika kwa mkupuo. Msimu wa pamba ukafika, magari ya wanunuzi yakajaa mji, na mimi nikatunga kifungu kipya, cha mwanamke wa Maswa aliyeacha pamba akafuga nyuki. Kilikuwa kizuri, nilikipenda mwenyewe. Nilikirusha kwenye simu zote siku ya Ijumaa.

Jumatatu asubuhi nikafungua kompyuta kuona nani amekisoma. Wa kwanza alikuwa Ngassa.

Sikuvaa hedifoni mara moja. Nilijipa sababu. Aliyeokota simu ana mtoto, mtoto amecheza na kioo. Nikaagiza chai, nikaiacha ipoe. Mwisho nikasikiliza.

Alisoma habari ya nyuki. Alisoma vizuri, bila haraka, bila kusita hata kidogo. Kompyuta ilimpa alama ambazo haikuwahi kumpa mtu. Na hakukuwa na kitu nyuma yake. Hakukuwa na kengele, wala upepo, wala ng'ombe, wala ule mvumo mdogo ambao kila simu huuchukua hata chumbani. Alipomaliza kifungu alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza siku zote. Nikashika meza.

"Mwalimu, nyuki nimewaelewa," akasema. "Lakini nikimpigia mayu, hapokei. Inaita mpaka inakata. Mwambie apokee."

Kile kifungu kilikuwa na umri wa siku chache. Hakikuwahi kuwa ndani ya simu yoyote iliyovuka mto wowote. Nilimpigia Marcelo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maelezo. Alisema atafuatilia. Sikumngoja. Nilipanda basi, na mwisho wa barabara nikachukua bodaboda, njia nzima nikiwa na jambo moja tu akilini: mtoto yuko hai, na mimi ndiye niliyemwambia mama yake amlilie.

Jua lilikuwa utosini nilipofika. Milembe alikuwa ameketi uwanjani anachambua pamba, nyeupe huku, yenye doa kule. Nywele zilikuwa zimeanza kumwota. Maganga alikuwa kivulini mwa nyumba anasuka kamba.

"Mwadila, mayu," nikasema, na sikungoja kuitikiwa. "Ngassa ni mzima."

Mikono yake haikusimama. Nikatoa simu yangu nikaiweka karibu naye, nikacheza ile rekodi kwa sauti ya juu. Ngassa akasoma habari ya nyuki uwanjani kwao, mchana kweupe. Kuku walitawanyika. Maganga aliacha kamba, akainuka, lakini hakusogea. Sauti ilipofika pale pa mwisho, mwambie apokee, Milembe aliinua kidonge cha pamba akakitazama, akakitupa upande wa yenye doa.

"Umesikia, mayu? Anasema anakupigia."

"Najua."

"Unajua?"

Aliingiza mkono kwenye kitenge akatoa kisimu chake kidogo cha batani, akanipa. Nilibonyeza kuangalia simu ambazo hazikupokelewa. Jina lilikuwa moja, la Ngassa, limerudiwa kwenda chini mpaka kioo kikaisha, nikashusha, likaendelea.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kunyoa, jioni yake. Anapiga mchana. Mara nyingine nikiwa shambani, mara nyingine nateka maji." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Nimeambiwa nisiitikie. Na wewe uliitika pale shemeji alipotangaza, mwalimu, nilikuona."

"Mayu, yale ni mambo ya matanga! Huyu ni mtoto wako, ameokoka, ameshika simu, anakutafuta! Nilikosea tarehe, nimekuja kukuambia nilikosea!"

"Ulisema una hakika."

"Nilikosea."

"Nilimlilia kwa hakika yako," akasema, na hapo ndipo alipoacha pamba. "Nimenyoa. Nimeona shati lake likifukiwa. Nimekaa na jambo hilo moyoni mpaka likatulia, mwalimu, unajua ilichukua nini kutulia? Sasa unakuja mchana unamfukua. Kama ni mzima, mimi ni mama gani niliyemzika? Na kama si mzima, wewe umeniletea nini hapa?"

Maganga alisema kwa upole, "Mwalimu, nenda nyumbani."

Ndipo kile kisimu kikaita, mkononi mwangu.

Kilitetemeka kama mdudu aliyefungwa ndani ya ngumi. Wimbo wake ulikuwa ule wa kiwandani, wa kitoto, wenye furaha. Kwenye kioo liliandikwa jina la Ngassa. Mbuzi mmoja aliyekuwa karibu na mlango alisimama akageuza kichwa, akatazama, si sisi, bali nafasi iliyokuwa kati yetu.

Milembe alinitazama usoni. Hakukuwa na hasira tena, kulikuwa na kitu kama kusihi.

"Pokea wewe," akasema. "Wewe huamini haya. Pokea, uniambie ni nani."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani. Mimi, niliyesoma, niliyefundisha, niliyekuja mbio kutoka Bariadi kuwaambia wanaogopa bure. Nilisikia ule ukimya uliokuwa nyuma ya sauti yake kwenye rekodi, niliusikia kana kwamba tayari uko sikioni mwangu, na nikajua kwamba nikibonyeza utaingia. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Kiliita, kikaita, nikakishika tu, na kikakata.

Nilishindwa kuinua macho. Milembe alinyoosha mkono akakichukua kisimu chake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Hata wewe," akasema. Alikuwa anashangaa. "Kumbe ni woga tu. Nilidhani ni sheria."

Akapiga. Aliliona jina, akalibonyeza, akakiweka kisimu sikioni, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea ukawa uso wa mama anayempigia mwanawe. Hata nilipokuwa nimesimama nilimsikia yule dada wa mtandao, akisema kwa utaratibu kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa.

Akapiga tena. Maganga alimwambia aache, akamwita kwa jina la baba yake, akamwambia anaharibu njia. Milembe alimgeuzia mgongo, akatembea hadi kwenye kichuguu nyuma ya boma ambapo mtandao ni bora, akapanda juu yake akiwa ameinua kisimu mkono ukiwa umenyooka, kisha akakishusha sikioni. "Ngassa," alikuwa anasema, "ng'wana wane, niko hapa, nimeitika." Nilingoja mpaka jua likaanza kushuka na dereva wa bodaboda akachoka kupiga honi. Tulipoondoka alikuwa bado juu ya kichuguu, anapiga tena.